Jumapili Sitakusikia

Mwanangu Nyamizi,

Masikio yangu yamekufa. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, na najua shangazi yako akisikia barua imeanza hivi atasema kaka yake kakosa adabu uzeeni. Salamu zipo. Nimeziweka mwisho, utazikuta.

Kesho nitakupa bahasha hii dirishani, gari la moshi likiwa limeshapiga honi, na nitakuambia usiifungue mpaka ushuke Kaliua kungoja gari la Mpanda. Kama umenitii, sasa hivi umekaa juu ya sanduku lako pale Kaliua, vumbi limekujaa, na una muda. Mambo ya blanketi, chumvi, dawa ya homa na nani umpe nini huko Ufipa shangazi yako amekwisha kukuambia mpaka amekauka koo. Mimi hayo siyagusi.

Hayakufa yote, masikio. Ngoma naisikia. Mlango ukibamizwa nausikia. Shangazi yako naye namsikia, maana sauti ile hata aliye kaburini haimpiti. Kilichokufa ni kile chembamba. Ule mlio wa simu ya upepo, ile tii tii inayokuja kutoka mbali, imeniacha tangu kabla ya mavuno. Na sauti yako, mayu wangu, nayo ni nyembamba. Juzi tukila uliniuliza jambo huku umeinamia bakuli. Nikajibu, "Ndiyo, mwanangu, ndiyo." Ukanitazama sana, halafu ukaondoa vyombo. Mpaka sasa sijui uliniuliza nini.

Na kule kuhamishwa kwangu, kutoka chumba cha simu cha stesheni hadi dirisha la vifurushi, nilikuambia ni cheo. Hakikuwa cheo. Kwenye vifurushi mtu anakuonyesha mzigo wake kwa kidole, basi, husikii na kazi inakwenda. Wenzangu waliniombea nafasi ile kwa huruma, na mimi nikapitia buchani nikanunua nyama, nikasema leo tusherehekee. Ulifurahi, ukanipikia na wali. Nilitamani kusema pale pale. Nikaona haya, nikaomba mchuzi zaidi.

Kwa nini nakuambia Kaliua na si nyumbani? Kwa sababu nakujua. Nyumbani ungefungua sanduku, ungetoa nguo, ungesema wanafunzi wa Ufipa watapata mwalimu mwingine. Ndiyo maana. Na woga pia umo, tusidanganyane.

Lakini kuna pia jambo la babu yako. Yule alikuwa mpagazi, alibeba pembe begani kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani, na begani alikuwa na nundu ngumu niliyopenda kuishika nikiwa mdogo. Alikuwa akituambia kwamba msafara hautoki asubuhi siku ya kwanza. Unatoka alasiri, kwa ngoma na vigelegele, halafu unakwenda kidogo tu, unapiga kambi mahali ambapo moshi wa nyumbani bado unaonekana. Watu wa pwani waliwacheka wakidhani ni uvivu. Kumbe kambi ile ni ya aliyesahau. Aliyesahau kisu, aliyesahau dawa, aliyesahau kumwambia mkewe neno, anarudi mbio anachukua, na alfajiri yuko na wenzake. Kambi ya pili hakuna kurudi.

Kaliua ndiyo kambi yako ya kwanza. Aliyesahau ni mimi, si wewe. Kwa hiyo usirudi. Nimekuletea mwenyewe.

Sasa nije kwenye Jumapili. Tulipatana, mimi na wewe na mjomba wako Petro, kwamba kila Jumapili alasiri utakwenda kwake misheni, atakupa kipigio, na utanigongea salamu kwa mkono wako, na mimi nitakuwa juu ya jabali na redio yangu nakusikiliza. Ulijifunza alfabeti ile ya nukta na mistari kwa kugonga kijiko mezani mpaka shangazi yako akakificha. Uliniambia, "Baba, basi siendi mbali, Jumapili kwa Jumapili tuko pamoja." Nikasema, "Sawa kabisa." Nililiona lile neno lilivyokutoa mzigo moyoni. Ulilala vizuri siku ile. Mimi sikulala, kwa sababu nilijua Jumapili sitakusikia.

Ningeweza kunyamaza. Ningekaa juu ya jabali nimevaa visikio vilivyo kimya, halafu nikuandikie kuwa nimekupata barabara. Nililifikiria hilo zaidi ya mara moja, nisikufiche. Sikuweza, na sababu unaijua nusu. Shangazi yako alikusimulia kwa namna yake, kwamba mama yako alifariki kwao nami nilichelewa. Ukifika kule, watu wa mama yako watakusimulia kwa namna yao. Ngoja nikusimulie ya kwangu, maana ni mimi niliyekuwa na visikio kichwani.

Redio ile haikuwa yangu, wala leseni. Ilikuwa ya Bwana Jetha, Mhindi wa duka la baiskeli hapa Gongoni, huyu huyu unayemwita babu Jetha. Yeye alijua kuunda vitu, mimi nilikuwa na mkono wa kupiga simu, kwa hiyo alinihitaji kama nilivyomhitaji. Aliijenga ndani ya bati la biskuti, vali mbili na betri kavu, na nguvu yake haikufika hata ya taa ya mbele ya baiskeli. Mjini haikufaa kitu, mabati na nyaya za umeme ziliifanya ikohoe tu. Kwa hiyo Jumapili nikitoka kanisani tulikuwa tunaipakia nyuma ya baiskeli, tunafuata barabara ya zamani ya wapagazi hadi kwenye majabali, tunapanda, tunafunga waya kutoka juu ya jiwe hadi kwenye mninga. Siku moja tulifunga kwenye mti wenye mzinga wa nyuki. Siku hiyo hatukuongea na mtu.

Watu walituona wendawazimu. Watu wazima wawili, Mkristo na Mhindi, wamekaa juu ya jiwe la moto wakiongea na bati la biskuti. Lakini siku moja jua likizama, Bwana Jetha alimpata mtu Bombei. Bombei, Nyamizi, kwa nguvu ya taa ya baiskeli! Mama yake aliishi huko, alikuwa hajamwona tangu akiwa kijana. Nikamwuliza nimwambie nini yule mtu. Akafikiri, akasema, "Muulize mvua imeanza?" Nikapiga. Yule mtu akajibu kwamba imeanza, inanyesha sasa hivi. Bwana Jetha akavua kofia, akalia pale pale juu ya jiwe bila kujificha. Mwaka ule wote alikuwa akiwaambia wateja kwamba Bombei mvua imeanza.

Mjomba wako Petro nilifanya naye kazi chumba cha simu hapa Tabora kabla hajarudi kwao. Ni kupitia yeye nilimpata dada yake, mama yako. Alipopata kazi ya kutunza mitambo ya misheni kule Ufipa, alikuta Bruda mmoja ana redio na leseni, na Bruda akamruhusu aitumie Jumapili. Sheria ilikataza kupeleka habari za watu wengine. Lakini salamu za shemeji kwa shemeji tulizihesabu kuwa zetu.

Kuna jambo moja la simu hii lazima ulielewe, halafu utaelewa yote. Jua likiwa bado liko juu ya miti, Ufipa inasikika kama mtu aliye chumba cha pili. Likigusa ardhi, Ufipa inafifia, inapotea, na badala yake zinakuja nchi za mbali. Bombei inakuja Ufipa ikiondoka. Ndivyo ilivyo, hakuna wa kumlaumu. Mwenye mtambo mkubwa anaweza kulazimisha kidogo. Sisi wa taa ya baiskeli tulikuwa na ule muda wa jua, basi.

Na muda ule tuliutumiaje? Kwa kusalimiana! Habari za nyumbani? Nzuri. Habari za kazi? Nzuri. Mama mkwe hajambo? Hajambo. Mbuzi? Wazima. Mashamba? Yote hayo kwa nukta na mistari, herufi moja moja. Bwana Jetha alikuwa akipiga kichwa chake kwa kiganja. "Yohana, betri yangu inakwisha kwa habari za mbuzi!" Nikamwambia, "Bwana, huyu ni shemeji yangu. Nikimruka mama yake nitakuwa mtu gani?" Na kweli, ningekuwa mtu gani? Hata leo sijui ningefanyaje.

Petro naye alikuwa na tabia yake, ambayo ni ya sisi wote. Kwanza anasema nzuri, halafu anasema ila. Nzuri, ila mbuzi mmoja kapotea. Nzuri, ila paa linavuja. Sisi hatumpigi mtu uso na habari mbaya. Tunamwekea kiti kwanza, akae, ndipo tuseme.

Kuzaliwa kwako kulipokaribia, mama yako alikwenda kwao kujifungulia kwa mama yake, kama desturi. Nilimsindikiza. Aliniambia, "Usikae huku ukiniangalia kama daktari, rudi kazini, Petro atakupa habari." Mvua zikaja, barabara zikakatika, na habari ikabaki kuwa ile ya Jumapili tu.

Jumapili ile mawingu yalikuwa mazito, jua tulilikisia tu. Petro akaja, dhaifu. Nikamsalimu. Akanisalimu. Nikamwuliza mama mkwe, nikamwuliza nyumba, na yeye akanijibu moja moja, nami nikiandika. Ndipo nikamwuliza habari za mama yako. Akapiga: NZURI. MTOTO WA KIKE. MZIMA. ILA

Hapo akapotea. Nikageuza kila kinachogeuzika, nikashika waya kwa mkono, nikamwita na kumwita. Nikasikia mtu wa nchi za mbali anaita wenzake. Ufipa ilikuwa imekwenda.

Bwana Jetha akaniambia, "Amesema ila."

Nikacheka. Nilicheka, mwanangu, nilikuwa na furaha, nilikuwa nimepata mtoto wa kike! Nikamwambia, "Petro hana habari isiyo na ila. Ila chumvi imekwisha. Ila mvua kubwa."

Akasema, "Tulale hapa. Alfajiri jua likichomoza labda tutampata, labda na yeye atangoja."

Nikamwambia twende nyumbani. Nilitaka kuwaambia watu. Nilishuka lile jabali nikiimba, na usiku ule nyumba yetu ilijaa majirani na chai na maandazi, na jina lako nilikupa usiku ule ule, jina la mama yangu. Petro alikuwa amengoja. Alfajiri alikaa kwenye redio akaniita mpaka betri ya Bruda ikafa.

Jumapili iliyofuata Petro alikuja hewani, na hakunisalimu. Mtu wa kwetu akikuruka salamu, umeshajua. Nilivua visikio nikampa Bwana Jetha aniandikie, ingawa mkono wake kwenye kupokea ulikuwa mzito. Sikutaka kusikia mwenyewe.

Mama yako alishikwa na homa baada ya wewe kuzaliwa. Ile ila ilikuwa hiyo: ila mkeo ana homa kali, anakuita, njoo. Watu wengi wamenifariji kwamba hata ningeondoka usiku ule nisingemkuta, njia ya wakati ule ilikuwa ndefu na mito imejaa, na ni kweli, nimeipima mara nyingi kichwani na sifiki. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni alichoniambia Petro nilipofika kukuchukua. Alisema kila jioni mama yako alimwuliza, "Ameitika?" Ningeitika alfajiri ile, Petro angemwambia yuko njiani. Angekufa akijua niko njiani. Hilo tu. Nililala nyumbani na maandazi tumboni, na yeye alikuwa anauliza kama nimeitika.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Nimechoka na kuhurumiwa, nimechoka pia na kujihukumu, vyote viwili ni kazi ya kudumu isiyo na likizo. Siku hizi nikiamka asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda kidogo kabla sijakumbuka kwamba lazima nisimame. Umri huo. Utaniona mvivu, nawe una haki.

Tangu msiba ule mimi na Petro hatukuwahi kuulizana nani mwenye kosa. Yeye anadhani ni yeye, alipaswa kuanza na ila. Mimi najua ni mimi. Tulichofanya ni hiki: tangu siku ile, neno la kwanza hewani ni baya. Kama hakuna baya tunapiga HAKUNA BAYA, ndipo salamu zifuate, na hata jua likizama katikati ya mbuzi haidhuru. Vita vilipokuja, serikali ikakusanya mitambo yote, tukakaa kimya miaka. Vilipokwisha Bwana Jetha akarudishiwa bati lake, tukapanda jabali, Petro akaja, na neno lake la kwanza lilikuwa BABA AMEKUFA. Kisha akaniuliza hujambo. Kwa hiyo ukifika usimshangae mjomba wako. Kijiji kizima kinasema Petro hajui kusalimia. Anaanza na ubaya kwa kila mtu, hata kwa padri. Msamehe, tabia hiyo ametoka nayo mbali.

Na mimi, niliyeweka sheria hiyo na shemeji yangu aliye mbali, nimekaa na wewe chumba kimoja miaka yote hii nikikuambia nzuri. Masikio? Nzuri. Kazini? Nimepanda cheo. Umekulia kwa baba anayesema nzuri, na sasa na wewe umekuwa hodari. Leo jioni macho yako yalikuwa mekundu. Nikakuuliza habari. Midomo yako naisoma kidogo siku hizi, nimejifunza. Ulisema, "Nzuri, baba." Na mimi nikajibu, "Vizuri." Tukatazamana kama wafanyabiashara wawili.

Basi Jumapili itakuwa hivi. Bwana Jetha hawezi tena kupanda, magoti yamemkatalia, kwa hiyo nitakwenda peke yangu na baiskeli. Nitafunga waya kwenye mninga. Kusikia siwezi, lakini mkono wangu haujafa, na kupiga hakuhitaji sikio, kunahitaji kifundo cha mkono tu. Jua likiwa juu ya miti, wewe vaa visikio vya mjomba wako na usikilize. Utaisikia taa ya baiskeli. Ni dhaifu, itakuwa inakuja na kuondoka, usikate tamaa mapema, izoee kama unavyozoea giza. Sitauliza habari, maana jibu litanipita. Nitapiga ILA kwanza, halafu yale yanayofuata ila, kwa sababu neno lile limekaa peke yake kwenye karatasi muda mrefu.

Nikimaliza nitanyamaza, nikupe nafasi yako ya kujibu. Jibu. Najua sitasikia. Jibu hivyo hivyo, kwa mkono wako, polepole, nami nitakuwa nimekaa hapo nikingoja mpaka jua liguse ardhi, kwa sababu ndivyo inavyopaswa. Halafu ulichopiga kiandike kwenye karatasi, kije na gari la Mpanda. Na kianze na baya.

La kwangu la leo, kabla taa haijaishiwa mafuta, ni hili. Sitaki uende. Nyumba hii nikiifikiria kesho jioni naogopa. Nimesema. Na baada ya hilo nasema nenda, na usirudi kwa ajili ya masikio yangu. Kule kuna watoto wanaongoja mwalimu, na kuna kaburi ambalo halijaona mtu wa nyumba hii tangu nilipokwenda kukuchukua. Mwambie mama yako niliitika. Nilichelewa, lakini niliitika.

Na lile swali la juzi, ulilouliza umeinamia bakuli, niandikie. Nilisema ndiyo bila kujua. Huenda jibu lilikuwa hapana.

Sasa salamu, nilizoziruka.

Hujambo, mwanangu? Usinijibu upesi.

Baba yako,
Yohana